Ukuta Uliofukiwa

Wasomaji wetu watukufu, katika kila nyumba kuna sehemu ambayo mgeni akiingia huisifu, na kuna sehemu ambayo hakuna aisifuye kwa kuwa hakuna aionaye. Mlango husifiwa, baraza husifiwa, na dari ya chumba cha wageni husifiwa. Ama ukuta wa msingi uliokwenda chini ya ardhi, ukisha kufukiwa haukumbukwi tena na mtu mpaka siku utakapoanza kupitisha maji. Leo twapenda kueleza habari za ukuta wa namna hiyo, kwa kuwa tulirithi nyumba yenye ukuta kama huo, na jambo hilo likatuingiza katika mashauri ambayo twaona yana faida kwa kila mwenye nyumba na kwa kila kijana atarajiaye kujenga.

Nyumba yenyewe ipo upande wa bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, mahali penye miinuko na udongo mzito wa mfinyanzi. Marehemu baba yetu aliinunua ikiwa imekwisha jengwa. Kwa sababu kiwanja kina mteremko, mjenzi aliuchimba mlima akaweka chumba kikubwa chini ya nyumba. Upande wa bondeni chumba hicho kina mlango na madirisha, na upande wa mlimani ukuta wake wote umo ardhini, kwenda chini kiasi cha mita mbili. Baba alipofariki tulibaki warithi sita pamoja na mama yetu. Tukakubaliana sote kwamba nyumba isigawanywe maadamu mama yu hai, na kwamba kodi ya chumba cha chini iwe ndiyo riziki yake na gharama ya dawa zake.

Katika vuli ya mwaka 2019 mvua zilizidi kawaida katika Afrika Mashariki nzima. Mpangaji aliyekuwamo alikuwa amekwisha hama, na chumba kilikuwa kitupu. Tulipokifungua tuliona ukuta wa mlimani umelowa toka chini hadi usawa wa kifua, rangi imevimba na kubanduka, munyu mweupe umetoka kama unga, na pembeni kumeota kuvu jeusi. Sakafuni, pale ukuta unapokutana na zege, maji yalikuwa yakichuruzika kidogo kidogo.

Siku zile zile alikuja kijana mmoja na mkewe kutaka kupanga. Walikuwa na mtoto mchanga, na mama wa mtoto alituambia kwamba mwanawe ana kifua, usiku hukohoa. Hapo ndipo shauri lilipoanza. Mmoja wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akishughulikia dawa za mama na akijua vyema mkoba ulivyo mwepesi, alisema: "Jamani, tukwangue rangi, tupige lipu mpya kwa ndani, tupake rangi ya kuzuia maji. Itatugharimu chini ya kodi ya mwezi mmoja. Kaskazi inaingia, ukuta utakauka, na mama atapata riziki yake." Maneno yake hayakuwa ya ubaya. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye dhiki, na dhiki yenyewe ilikuwa yetu sote.

Mwingine akauliza: "Na masika yakija?" Hakuna aliyejibu.

Tulipanda juu kwa mama tukamweleza yote mawili, gharama ya kupaka na hatari ya kuvuja tena. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, mimi siwezi kula kodi ya chumba kitakachomkohoza mtoto wa mwenzangu. Kama mna la kukitengeneza, kitengenezeni. Kama hamna, kifungeni." Basi shauri likaisha. Kijana yule tukamwambia ukweli wa chumba kilivyo, naye akashukuru akaenda kutafuta kwingine.

Wasomaji watukufu, mama yetu hakusoma utabibu, walakini neno lake liliafikiana na wataalamu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo mahsusi juu ya unyevu na kuvu ndani ya nyumba, na humo limeeleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu huzidiwa na maradhi ya kifua na pumu kuliko wengine. Zaidi ya hayo, sote twafahamu kwamba mwenye kuuza au kukodisha kitu chenye ila, naye aijua ila hiyo, imempasa kuibainisha. Rangi mpya juu ya ukuta unaovuja huificha ila, na wala haiiondoi.

Sasa natueleze kwa nini haiiondoi, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Mvua ikinyesha juu ya udongo wa mfinyanzi, maji huzama polepole na hukaa sana. Yakifika penye ukuta husimama, na maji yaliyosimama yana uzito na msukumo. Kwa kila mita moja ya kina, maji husukuma kwa nguvu ya kama tani moja juu ya kila mita ya mraba. Ukuta wenye urefu wa mita 10, uliokwenda chini mita 2, ikiwa maji yamejaa nyuma yake hadi usawa wa ardhi, hubeba msukumo wa jumla ya tani 20. Msukumo huo hutafuta kila ufa na kila kiungo. Lipu au rangi iliyopakwa ndani imekaa upande ambao maji yanatokea, na kwa hiyo maji huisukuma kutoka nyuma mpaka ikavimba na kubanduka. Ama kizuizi kilichowekwa nje, maji yale yale hukigandamiza ukutani. Adui wa rangi ya ndani huwa msaidizi wa kizuizi cha nje. Ni kweli kuna dawa maalumu za saruji ambazo hupakwa kwa ndani pale ambapo nje hapachimbiki, lakini hizo hazimfai mwenye nafasi ya kuchimba, kwa sababu ukuta wenyewe hubaki umelowa.

Kabla ya kuchimba, yampasa mtu ahakikishe maji yatoka wapi. Pengine unyevu si wa ardhi, bali ni pumzi za watu na mvuke wa chungu unaoganda juu ya ukuta baridi. Jaribio lake ni jepesi. Twaa kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita, ukibandike ukutani na kuziba kingo zote nne, ukiache siku mbili. Ikiwa umande umeshika juu ya nailoni, upande wa chumbani, dawa yako ni kufungua madirisha. Ikiwa umeshika nyuma yake, maji yatoka ukutani. Kwetu sisi nailoni ililowa nyuma kabla ya siku moja kwisha.

Tulimwita mwashi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Alitazama, akagongagonga, kisha akapanda juu akatazama paa. Neno lake la kwanza lilitushangaza: "Anzeni na mifereji ya paa." Akatufanyia hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa letu ni kiasi cha mita 100 za mraba, na mvua ya milimita 50 kwa siku si ajabu pwani, hasa mwezi wa Mei. Hizo ni lita 5,000 kwa siku moja, na mfereji wa upande wa mlimani ulikuwa umevunjika, maji yote yakimwagika juu ya ukuta uliofukiwa. Tukautengeneza mfereji kwanza. Unyevu ulipungua, walakini haukuisha. Ikabidi kuchimba.

Ukuta wa mlimani uko karibu na mpaka wa jirani yetu, bibi mjane ambaye ametuona tukizaliwa. Tulimwendea kumwomba ruhusa, kwa kuwa handaki lingekaribia ua wake. Alitukaribisha, akatupa kahawa, akasikiliza. Kisha akauliza swali moja tu: "Na maji yenu mtayapeleka wapi, wanangu?"

Swali hilo twaona linafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila fundi. Maji hayapotei kwa kuzuiwa. Ukiyafukuza kwako bila ya kuyaonyesha njia, yatakwenda kwa mwenzako, nawe utakuwa umeihamisha taabu yako badala ya kuiondoa. Tulimjibu kwamba yatatiwa bombani, yazunguke nyumba yetu, yatokee pembe ya chini ya kiwanja chetu, na kutoka hapo yaingie mfereji wa barabara. Shimo la kunyonyea maji halikufaa, kwa sababu mfinyanzi haunywi maji upesi. Yule bibi akaridhika, akasema: "Basi chimbeni, na Mungu awasahilishie. Ua wangu ukiinama mtaniinulia." Tukacheka, lakini fundi hakucheka. Aliuchukulia kuwa ni mkataba.

Kazi ilianza mwezi wa Januari 2020, wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu. Fundi hakukubali kuchimba handaki lote kwa mara moja. Alichimba vipande vya mita tatu, akimaliza kimoja ndipo aanze kingine, ili nyumba isipoteze tegemeo lake na ua wa jirani usiporomoke. Kuta za handaki alizizuia kwa mbao na magogo. Vijana tuliokuwa tukimsaidia tuliona anachelewesha, akatuambia kwamba mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na aliyefukiwa hadi kifuani hawezi hata kuvuta pumzi. Alikataza pia kuchimba chini ya kitako cha msingi hata shibiri moja, kwani anayeuchimba msingi kwa chini huiangusha nyumba kwa mikono yake.

Kipande cha kwanza kilipofunguka, tuliona jambo ambalo mpaka leo twalizungumza. Ukuta ulikuwa umepakwa lami nyeusi, imeng'aa, imepakwa vizuri, kutoka juu ya ardhi hadi shibiri mbili chini yake. Baada ya hapo hapana kitu. Mawe matupu, viungo havikujazwa, na mahali pengine mtu aliweza kutia vidole viwili baina ya jiwe na jiwe. Tukachimba kipande cha pili na cha tatu, hali ikawa ile ile. Aliyeijenga nyumba ile, ambaye hatumjui wala hatutaki kumjua, alipaka lami mpaka pale jicho la mwenye nyumba lingeweza kufika, akafukia yaliyosalia. Lami ya shibiri mbili ilikuwa kwa ajili ya kutazamwa, na maji hayana macho. Yeye alilipwa ujira wake wote siku ile, na bei ya kazi ambayo hakuifanya ikatungoja sisi miaka mingi, sisi ambao hatukuwapo wakati wa mapatano.

Fundi wetu alitazama, akatikisa kichwa, akasema: "Sijazi handaki hili mpaka nyote sita mshuke mwone."

Alivyofanya ni hivi, nasi twaeleza kwa utaratibu ili msomaji apate kumsimamia fundi wake. Kwanza aliusugua ukuta kwa brashi ya waya mpaka udongo na munyu ukatoka. Pili alijaza viungo na matundu kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga tatu, kisha akapiga lipu ya kusawazisha. Tatu, pale ukuta unapokutana na kitako cha msingi alitia saruji ya mviringo, ili pasiwe na pembe kali, maana kizuizi kikikunjwa kwenye pembe kali hupasuka. Akaacha pakauke vyema, kwani lami haishiki ukuta wenye maji. Nne alipaka lami nyepesi ya kutangulia, na juu yake akagandisha kwa moto wa gesi mikeka ya lami, ile inayouzwa imekunjwa kama jamvi. Kila mkeka ulipanda juu ya mwenziwe kwa sentimita 10, na wa mwisho ukashuka mpaka ukafunika ule mviringo na ubavu wa kitako. Alitueleza kwamba lami ya kupaka peke yake huzuia unyevu wa udongo tu, haitoshi penye maji yanayosukuma. Tano aliifunika mikeka hiyo kwa ubao mwepesi wa plastiki wenye vinundu, ili mawe ya kufukia yasiitoboe.

Baada ya kizuizi ilifuata njia ya maji. Chini kabisa, kando ya kitako cha msingi, alilaza bomba lenye matundu, upana wake sentimita 10, likiteremka sentimita 1 kwa kila mita moja. Alilizungushia kokoto safi na kitambaa cha kuchujia, ili matope yasiingie yakaziba. Wahandisi siku hizi hawapendi kutegemea kizuizi kimoja peke yake. Kanuni ya Waingereza juu ya majengo ya chini ya ardhi, iitwayo BS 8102, iliyorekebishwa mwaka 2022, hutaja njia tatu: kizuizi cha kupakwa au kubandikwa, ukuta wa zege ulioundwa usipitishe maji wenyewe, na nafasi ya kuyakusanya na kuyatoa maji. Penye hatari kubwa, njia mbili huunganishwa. Maana yake ni nyepesi: maji yasipokusanyika hayasukumi, na kizuizi kisichosukumwa hudumu.

Na hii lami, ndugu zetu, isidhaniwe kuwa ni ugeni wa jana. Ibn Jubayr aliyefika Baghdad mwaka 1184, na Ibn Battuta aliyefika huko mwaka 1327, wote wawili wameeleza kwamba hamamu za mji ule zilipakwa lami, hata mtu akiitazama hudhani ni marumaru nyeusi. Nayo ililetwa kutoka chemchemi iliyo baina ya Basra na Kufa. Huyo Ibn Battuta ndiye aliyepita hapa kwetu Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa. Ilmu ya kuzuia maji ni amana ya zamani, iliyobebwa na mafundi waaminifu mkono kwa mkono.

Twaongeza onyo moja kwa wenye nyumba kongwe za mawe na chokaa, kama zilizoko Lamu, Unguja na Mji wa Kale wa Mombasa. Hayo tuliyoyaeleza ni ya ukuta uliomo ardhini. Ukuta wa chokaa ulio juu ya ardhi hupumua, huingiza unyevu na kuutoa. Ukiupaka lami au ukiukandika kwa saruji ngumu, maji hufungiwa ndani ya jiwe, hupanda juu zaidi, na munyu ukalila jiwe polepole. Huo utengenezwe kwa chokaa kama ulivyojengwa.

Siku handaki lilipokuwa tayari kufukiwa, sote sita tulishuka, na mama akaletewa kiti akaketi juu ukingoni. Fundi alipita nasi hatua kwa hatua, akatuonyesha kila kiungo, akamwagia maji juu ya ukuta, nasi tukashuka chumbani kutazama. Hapakuwa na hata tone. Ndipo akafukia kwa matabaka ya sentimita 20, kila tabaka likishindiliwa kwa kiasi, na juu akamaliza kwa udongo ulioinama kutoka ukutani sentimita 5 kwa kila mita, ili mvua ikimbilie mbali. Ua wa jirani haukuinama. Gharama yote ilikuwa sawa na kodi ya chumba kile ya miezi 14, nasi tuliichanga kwa shida, wengine kwa kuuza walivyonavyo, na yule ndugu yetu aliyetaka kupaka rangi ndiye aliyetoa fungu kubwa kuliko sote.

Masika ya mwaka 2020 yalikuja kwa nguvu, na mafuriko yakapatikana mahali pengi Kenya. Tulikuwa tukishuka kila asubuhi na taa, tukipapasa ukuta kwa viganja. Ukuta ulikuwa mkavu, na huko pembe ya chini bomba lilikuwa likitoa maji usiku na mchana. Mwezi wa Julai chumba kikapata mpangaji, na mama akapata riziki yake bila ya wasiwasi.

Basi wasomaji wetu, na hasa nyinyi vijana mnaojifunza ufundi, litazameni jambo hili. Kazi zilizo mbele ya macho zina walinzi wengi, kwani kila apitaye huzikagua. Kazi iliyofukiwa haina mlinzi ila dhamiri ya aliyeifanya, na hiyo ndiyo inayobeba nyumba. Nanyi wenye nyumba, msimlaumu fundi peke yake: mlipeni haki yake bila ya kumkata, mpeni siku za kutosha, na mshuke handakini mkaone kabla halijafukiwa. Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zenu na wote waliomo, na atujaalie kuwa waaminifu katika yale yasiyoonekana kama tulivyo katika yale yanayoonekana. Amin.